Neno la Mwisho la Kila Mstari

Mama yangu alikuwa mwalimu wa watoto wadogo hapa Kindu mpaka vita vilipofunga shule. Siku ile ya kukimbia alirudi nyumbani kwetu mtaa wa Kasuku na kitu kimoja tu, kitabu cha picha chenye mashairi ya watoto, kakifunga ndani ya kitenge. Jirani yetu alimcheka waziwazi. Wenzake walikuwa wamebeba viti na ndoo, na yeye kabeba picha ya mbuzi aliyevaa kofia.

Miezi ile askari walipita mchana, nyumba kwa nyumba. Wakisikia sauti za watu waliingia, wakachukua chakula, na kijana mwenye mabega wakambebesha mizigo, wakaenda naye. Kaka yangu alikuwa ameshakuwa mrefu, bahati mbaya yake na yetu. Basi kila asubuhi yule jirani, mwanamke mzee aliyesema yeye hana tena cha kuchukuliwa, alitufungia kufuli kwa nje ili nyumba ionekane haina watu. Tulikaa ndani kimya mpaka aje kutufungulia.

Mtoto hawezi kunyamaza kutwa nzima, na mama alilijua hilo kwa kazi yake. Akafungua kitabu, akaanza kutusomea kwa kunong'ona, sisi tumembana huku na huku. Alipofika neno la mwisho la mstari alinyamaza na kuinua kidole. Neno hilo lilikuwa letu. Shuleni watoto hulipigia kelele neno kama hilo, lakini kwetu sheria ilikuwa midomo tu. Ukitoa sauti umeshindwa, na aliyelisema vizuri kwa midomo ndiye aliyefunua ukurasa.

Mbuzi wa shangazi kavaa kofia,
wote wakasimama kumwangalia.
Kanunua chumvi, kanunua sukari,
kaaga rafiki, kaanza safari.

Siku moja mdogo wangu alisahau. Furaha ilimzidi, akatamka "kumwangalia" kwa sauti yake yote. Nje, viatu vilivyokuwa vikipita vikasimama. Mama hakumziba mdomo wala hakumkaripia. Alibaki na kidole juu, akitutazama mmoja mmoja, na sisi tukamtazama yeye, mpaka viatu vikaondoka. Kisha akafunua ukurasa mwenyewe, akaendelea kunong'ona. Toka siku ile hakuna aliyeshindwa tena mchezo ule.

Vita viliisha, shule zikafunguliwa, tukakua. Mimi nauza samaki wa kukausha kwenye soko la Kasuku, na mwulize yeyote pale, sauti ninayo. Mwenye pikipiki akinigusia meza, mtu aliye ng'ambo ya mto Lualaba anajua nimekasirika. Nilipomzaa binti yangu, mama alinipa kile kitabu, kona zake zimeliwa na mende, naye akaenda kuishi Kailo kwa mdogo wangu. Binti alipoanza kuelewa picha nikaanza kumsomea, vile vile nilivyosomewa. Kunong'ona, kidole, midomo tu. Naapa sikufikiri. Kwangu hivyo ndivyo kitabu kinavyosomwa, na yeye alikipenda mno. Alinifuata jioni na kitabu mkononi hata kabla sijanawa harufu ya samaki.

Mwaka huu alikuwa amalize shule ya watoto wadogo aingie darasa la kwanza. Mwalimu wake, msichana mpole, akaniita. Aliniuliza kwa adabu, macho chini: "Mama, uyu mutoto iko anasikia muzuri?"

Hasira ilinipanda. Nilimwambia aje kwetu asubuhi amsikie mtoto huyo akigombana na kuku, ndipo aseme nani hasikii. Hakunijibu vibaya. Alisema mtoto anaongea, ndiyo, lakini kwenye kitabu hatoi sauti hata kidogo, wenzake wameanza kumwita bubu, na yeye hawezi kumpeleka darasa la kwanza kabla hajapimwa hospitali. Akaniomba nikae nyuma nijionee.

Nikakaa kwenye kiti cha watoto, magoti yamenifika kidevuni. Mwalimu akafungua kitabu chake, kingine kabisa, cha chura na mvua. Akafika mwisho wa mstari, akanyamaza. Darasa zima likalipuka. Binti yangu alikuwa mstari wa mbele, shingo kainyoosha, na midomo yake ikalisema lile neno, kila herufi mahali pake, bila sauti. Kila mara. Kisha akageuka kunitafuta, uso umemng'aa, maana kwa hesabu yake wenzake wote walikuwa wameshindwa na yeye peke yake ndiye mwenye haki ya kufunua ukurasa. Mtoto mmoja akasema bubu, wengine wakacheka. Hakuelewa wanamcheka nani. Akacheka nao, kwa namna yetu ile ya kucheka, mabega tu yakitikisika.

Aibu niliyoisikia pale sijawahi kuisikia popote. Nilitaka kujificha nyuma ya mama wa mtu mwingine. Nilijua ugonjwa wa mwanangu unatoka wapi, na hakuna hospitali itakayouona.

Watoto walipotoka, mwalimu akaniuliza nani anamsomea nyumbani. Na mimi, mwenye sauti ya soko zima, nikajibu kwamba ni baba yake. Baba yake hajawahi kushika kile kitabu hata kukihamisha. Mwalimu akaniambia basi nimweleze baba amzoeze kutamka kwa nguvu. Nikasema nitamweleza. Nikaondoka haraka, aibu juu ya aibu.

Jioni nikamketisha binti yangu uani, mahali peupe, watu wakipita njiani na muziki wa jirani ukilia. Nikamwambia leo tunabadilisha sheria. Leo neno la mwisho tunalipigia kelele, na anayepiga kelele zaidi ndiye anafunua ukurasa. Akanitazama kwa mashaka. Nikasoma ule mstari wa wote kusimama, nikainua kidole. Akasema kwa midomo. Nikarudia, nikamwambia hapana, kwa sauti.

"We kwanza, mama," akasema.

Lilikuwa neno moja tu. Nikafungua mdomo. Pumzi tupu ikatoka. Nikajaribu tena, midomo ikaenda, neno likatoka lote bila sauti, na jasho likanitoka mgongoni mbele ya mtoto wangu mwenyewe. Nilijiona mjinga. Mwanamke mzima, uani kwake, vita viliisha kabla huyu hajafikiriwa, na nashindwa kusema "kumwangalia".

Hakunicheka. Aliinuka, akaja akasimama kati ya magoti yangu, akanishika shavu na kusogeza sikio lake mpaka kinywani pangu.

"Unisemee mu sikio, mama. Hivi hawatasikia."

Sikuwahi kumwambia habari za wale askari hata siku moja.