Siku Niliyousingizia Upepo

Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi katika kiwanja cha ndege cha Manda, mwanangu, ndege iliyokuwa mikononi mwangu ilipoacha katikati ya njia, ikavuka ukingo na kuzama magurudumu mchangani, pua imeelekea vichakani. Hakuna aliyeumia na hakuna kilichovunjika. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mkono wangu mmoja ulikuwa ukipapasa mbele yangu, ukitafuta kitufe cha kusimamisha mchezo.

"Unatafuta nini hapo?" akaniuliza Kapteni Mutua, mwalimu wa urubani aliyekuwa ameketi kando yangu.

Nikaurudisha mkono pajani. Ukicheka sasa, cheka tu, maana mimi mwenyewe nilichukua miaka mingi kabla ya kuweza kulicheka jambo hilo. Lakini nisikilize, kwa sababu najua nawe una kompyuta yako nyumbani na ndege yako ndani yake, na najua unavyojiona ukishatua pale kwenye kioo bila kuivunja. Nilijiona hivyo hivyo.

Mimi ni mzaliwa wa Ndau. Kisiwani kwetu hata mgeni wa harusi na gunia la unga huja kwa boti, na baba yangu, Bwana Shee, alikuwa na boti ya injini ya kubebea watu. Nilianza kumshikia injini nikiwa na miaka minane. Wewe uliyekulia mjini labda hujui, kwa hiyo nikueleze: ile injini ya nyuma ina mkono wake wa kuendeshea, na mkono ule huenda kinyume. Ukiusukuma kushoto, kichwa cha boti huenda kulia. Ukiusukuma kulia, huenda kushoto. Mtu akikua na jambo hilo hata halifikirii tena, mkono hujiendea wenyewe.

Nilipomaliza shule nilipelekwa Lamu mjini, mtaa wa Langoni, kwa Mjomba Athman. Alikuwa na duka la kupiga chapa kadi za harusi na barua za watu, na ndani yake kompyuta moja kubwa yenye kelele. Mteja mmoja alimwachia programu ya kuigiza kurusha ndege, pamoja na mpini wake wa kuendeshea, ule wa kusimama mezani. Mjomba hakuwa na haja nao. Kila siku akifunga duka kwa sala ya adhuhuri na kwenda kula na kulala kidogo, mimi nilibaki mle mpaka alasiri, nikirusha ndege.

Sikuwa nacheza, mwanangu. Nilikuwa na daftari. Nilijifunza saa zile zote za mbele ya rubani, ipi inaonyesha mwendo na ipi inaonyesha umbali wa kwenda juu. Nilijua nini cha kukagua kabla ya kuwasha injini, na kwa utaratibu gani. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Ule mpini ulikuwa ukizungushwa kushoto, ndege ikiwa chini inaelekea kushoto. Mkono wangu wa boti ukakataa. Kila mara nilikwenda upande usio wangu, nikaingia majanini, nikaanza upya, nikakasirika.

Basi siku moja nikagundua mahali ndani ya programu ambapo unaweza kuugeuza mzunguko wa mpini ufanye kazi kinyume. Ni kijisanduku kidogo tu, unakitia alama. Nikakitia. Kuanzia hapo ndege ilinitii kama boti ya baba, nami nikatembea Langoni kichwa juu. Sikumwambia mtu. Niliona nimekuwa mjanja, nimeipata njia ya mkato.

Kapteni Mutua alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwenye maneno machache. Alikuja Manda karibu kila Jumamosi kwa ndege ndogo, na huko bara alikuwa akifundisha vijana urubani. Siku moja alivuka kwa boti kuja mjini akaingia dukani kunakili karatasi zake, akanikuta na daftari langu. Aliliangalia ukurasa kwa ukurasa. Akaniambia kuna nafasi moja katika shule anayofundisha, ya kijana wa pwani atakayesomeshwa bure, na kwamba shule itamsikiliza yeye. Atanipandisha ndege Jumamosi ijayo. Akiniona nafaa, ataniandikia barua.

Barua hiyo, mwanangu! Sikuwa na mlango mwingine. Baba hangeweza kunisomesha urubani hata angeuza boti, na boti ndiyo iliyotulisha.

Jumamosi ikafika. Kapteni aliipaisha ndege mwenyewe, na tulipokuwa juu akaniachia. Na hapo sijisifu bure: niliiweza. Nilishika urefu alioniambia, nikageuka alivyoniambia, nikamtajia kila saa na kazi yake. Aliguna kwa kuridhika. Kisha akatoa ramani yake akazifunika zile saa zote.

"Angalia nje," akasema. "Umekuja kuendesha ndege ama kusoma saa?"

Nikainua macho. Chini yetu kulikuwa na Ndau, kisiwa changu, mikoko ikiwa imekizunguka na bahari imetulia tuli, na boti moja ilikuwa ikitoka gatini. Nilijua ni ya baba. Machozi yalinitoka, na sikuona haya. Katika ile kompyuta, mahali petu hapakuwepo kabisa. Palikuwa ni maji matupu.

Tulirudi Manda, Kapteni akatua. Ndege ilipopungua mwendo akaondoa miguu yake kwenye pedali, zile za kukanyaga zinazoigeuza ndege ikiwa chini. "Haya, ni yako. Iweke katikati, tumia miguu."

Ndege ikavuta kushoto kidogo. Mimi nikitaka kwenda kulia, mwili wangu ukafanya nilichoufundisha dukani miezi mizima, mguu ukaiga mkono: nikakanyaga kushoto. Ikazidi kwenda kushoto. Nami kwa hofu nikazidi kukanyaga. Kapteni alipokamata breki, tulikwisha ingia mchangani.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana ulilosikia bado silo. Tuliposhuka, Kapteni aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nini kimetokea?"

Nami nikasema, "Ni upepo, Kapteni. Ulitupiga kwa upande."

Aligeuka akautazama ule mfuko wa kitambaa unaotundikwa kiwanjani kuonyesha upepo. Ulikuwa umening'inia chini umelegea kama kanzu iliyosahauliwa kambani. Nami nikautazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kapteni hakunigombeza. Aliita watu waisukume ndege, na nilipomuuliza juu ya barua akasema tu, "Siwezi kuandika habari za mtu nisiyemjua." Akapanda akaondoka.

Nilirudi Ndau siku ile ile. Baba alikuwa gatini akisafisha injini, nikamwambia habari yote ya upepo, nikilia. Aliniacha nimalize.

"Upepo gani huo, mwanangu?" akasema. "Asubuhi ya leo mai yalikuwa yamelala. Mimi nimekuya kutoka Kiwayu bila hata wimbi moya."

Mwongo gani humdanganya baharia juu ya upepo! Nikamweleza ukweli, kuanzia kijisanduku nilichokitia alama mpaka mguu wangu wa kushoto. Akajifuta mikono.

"Kwani hiyo ndege ya dukani, wewe umeifundisha au yenyewe imekufundisha?"

"Mimi nimeifundisha, Baba."

"Basi ndiyo maana hukujua kitu." Akatabasamu kidogo, kisha uso wake ukakaza. "Lakini mguu hausikii kwa kunena nao siku moya. Huo urongo ndio mbaya. Yule Bwana amekupa ndege yake na roho yake, nawe umemwacha ende zake na urongo. Jumamosi ikifika shika ndia, urudi Manda, umwambie."

"Na barua, Baba?"

"Barua iwate, usiifikirie. Mwambie."

Wiki ile ilikuwa ndefu kuliko mwezi wa mfungo. Jumamosi nilimkuta Kapteni akipangusa kioo cha ndege. Nilikuwa nimepanga maneno mengi mazuri, yote yakanipotea.

"Kapteni, siku ile hapakuwa na upepo."

"Najua," akasema, akiendelea kupangusa.

Nikamwambia juu ya mkono wa injini ya boti, na jinsi nilivyoigeuza kompyuta inifuate mimi. Hapo akaweka kitambaa chini, akanitazama.

"Mguu wako niliuona. Ndege ikienda kushoto, wewe unakanyaga kushoto. Wacha nikwambie kitu, Mwanaisha. Mwanafunzi akikosea, hiyo ni kazi yangu, nitamfundisha. Lakini akinificha chenye mguu wake umefanya, mimi nitaanzia wapi?"

"Ungeniambia siku ile kwamba umeuona."

"Ningekwambia, ungekubali kwa kuogopa. Nilitaka uje mwenyewe."

Nilidhani sasa atanikataza kuigusa ile kompyuta. Nilikosea. Alinipa wiki nne. Niondoe ile alama, mpini urudi ulivyotengenezwa. Niwe na kitu cha kukanyaga chini ya meza, mguu uende pamoja na mkono, kulia kwa kulia na kushoto kwa kushoto. Na nisiruke hata mara moja.

"Tembea chini tu," akasema. "Toka mwisho huu wa njia mpaka ule, urudi. Hiyo kompyuta ni kitu kizuri sana ukiikubali ikwambie umekosea."

Mjomba Athman akanipa mitalawanda yake ya zamani, vile viatu vya mbao vya kuvaa chooni, nikaviweka chini ya meza viwe pedali zangu. Kila adhuhuri nilitembeza ndege kwenye kioo huku nikibisha mitalawanda sakafuni. Siku za kwanza niliingia majanini kila mara, vibaya kuliko nilipoanza. Mjomba akiamka mapema alisimama mlangoni akanicheka: "Ndege gani hii isiyopaa? Si ungenunua punda!" Niliendelea kukanyaga. Wiki ya pili mguu ukaanza kusita kabla ya kukosea. Wiki ya tatu ukawa unakwenda sawa nikiufikiria. Ya nne, siku moja, niligundua nimefika mwisho wa njia na sikuwa nimeufikiria kabisa. Niliinuka nikamkumbatia Mjomba, naye hakujua ni kwa nini.

Jumamosi hiyo Kapteni alinipa ndege tangu ilipoegeshwa. Niliipeleka mwisho wa njia, nikaigeuza, nikairudisha, katikati, polepole, bila kuyumba. Hatukuruka. Aliandika barua akiwa ameiweka karatasi juu ya bawa la ndege, na alipofika mwisho akanisomea mstari mmoja: kwamba msichana huyu akikosea, atawaambia. Hakuandika lolote kuhusu jinsi nilivyoshika urefu.

Nimerusha ndege miaka mingi tangu hapo, mwanangu, mpaka goti hili liliponiambia basi. Baba aliwahi kupanda nami mara moja. Alishika kiti kwa mikono miwili njia nzima, na tuliposhuka akasema mwendo si mbaya.

Sasa nakaa Langoni, na jirani yangu ni Salma, binti wa kaka yangu, ambaye wiki ijayo anakwenda kuanza masomo ya urubani. Ana kompyuta ya kupakata, usukani wake na pedali za kweli, si mitalawanda. Juzi aliniita nimwone akitua Manda. Alitua vizuri mno, laini kabisa. Nikamwambia anionyeshe alivyoipanga programu yake. Akasita. Nikaangalia, nikaona upepo ameuweka sifuri.

"Shangazi, nikiuweka naharibu," akasema.

"Uweke. Kaskazi, na uwe wa upande."

Akauweka. Akaharibu mara tano, kioo kikawa chekundu, naye akawa mwekundu zaidi. Mara ya sita ndege ikatua imepinda, ikarukaruka, ikasimama ukingoni. Nikangoja. Nilijua nasubiri nini.

Salma akatoa mikono kwenye usukani, akashusha pumzi. "Upepo haukubadilika," akasema. "Ni mimi. Nimechelewa kukanyaga."

Nilimbusu kwenye paji la uso, na wasiwasi wangu juu yake ukaisha.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Itumie hiyo kompyuta, wala usimsikilize anayekuambia ni upuuzi wa watoto. Itakuonyesha mengi kabla hujagusa ndege ya kweli, na itakuvumilia uanguke mara mia. Lakini usiipange ikufurahishe. Weka upepo, weka ukungu, acha usukani ulivyo, inua macho kutoka kwenye saa uangalie nje. Na kitu kikikushinda, usiguse kitufe cha kuanza upya kabla hujasema kwa sauti, hata kama uko peke yako chumbani, ulichokosea wewe. Ukizoea kusema pale, utaweza kusema mbele ya mwalimu, na mbele ya abiria, na mbele ya baba yako.

Mwenyezi Mungu akuonyeshe makosa yako mapema, ungali chini. Akupe mwalimu wa kukungoja mpaka urudi na ukweli wako. Na kila atakapokupandisha juu akakuonyesha kwenu kulivyo kudogo na kulivyo kuzuri, akushushe salama kwa wanaokusubiri. Amin.