Mudi na shafti ya vipande viwili

Siamini bado, jamani. Nimeandika "marehemu Mudi", nikafuta, nikaandika tena. Presha imemchukua ghafla, Jumamosi tumemzika, na leo mlango wa ofisi ulipofunguka nikajua ni yeye kachelewa kama kawaida.

Wengi wenu hamkumjua. Alikuwa mhasibu mwenzangu, na mbishi kuliko watu wote wa Temeke.

Mwaka jana tulinunua pamoja lori kuukuu. Mama yake yuko Rufiji, na masika yakianza njia ya kwao haipitiki. Mudi akaapa tutaligeuza foo wili, tairi za mbele na za nyuma zote zivute, mama asikwame tena kule peke yake.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Tukishapachika gia boksi ya pili, shafti ya zamani, lile bomba la chuma linalozungusha tairi, haienei tena; sasa nguvu ifike vipi kwenye tairi za nyuma? Mimi nilitaka shafti moja ndefu, maungio machache, cha kuharibika kichache. Yeye alitaka vipande viwili na beringi ya kushikilia katikati.

"Hiyo ndefu ikikolea mwendo itatetemeka mpaka meno yakutoke, braza!" Alinong'ona hivyo katikati ya meeting ya budget, ila Mudi hakujua kunong'ona. Boss akauliza hiyo ni agenda namba ngapi. 😂

Alinichorea shafti nyuma ya memo. Akanichorea kwenye tishu kwa mama ntilie. Sikukubali hata siku moja.

Jana baada ya dua, fundi wetu akanivuta uani kwa Mudi, pale Mtoni. Lori limesimama vilevile, chini halina shafti.

"Bosi, si ulikuwa unatakaga moja ndefu? Tuifunge tu, tumalize."

Jamani, nikajisikia nabisha! "Fundi, gari lote refu hivi? Itatetemeka! Weka vipande viwili!" Nimepandisha sauti, na nyumba ina msiba.

Shemeji Asha, mke wa Mudi, akatokea mlangoni. Nikaanza kumwomba radhi.

"Usinyamaze, shem," akasema. "Tangu aondoke, nyumba hii hakuna anayebishana."

Nililia palepale, mbele ya fundi, wala sikuona aibu.

Kaka Mudi, tunafunga vipande viwili. Masika yakianza, mama yako namfuata mimi. Umeshinda, Mudi, na inaniuma kwamba hupo unicheke.

Haya, lala salama, mbishi wangu.