Mpira Mmoja, Pampu Mbili

Kamati yetu ya maji ya parokia, hapa Kamina, ilipata mpira mmoja tu wa pistoni, ule unaovuta maji, na pampu mbili upande wa Kaniama zilikuwa zinaungoja. Ndiyo sababu ya safari yangu. Kila Jumapili baada ya ibada, vijiji hutupigia simu kutaja mpini umeshushwa mara ngapi hadi bido moja, yaani dumu, lijae. Kwa shemeji yangu Banza, hesabu haikubadilika tangu mvua za kwanza. Ya zahanati, katika kijiji cha mbele yake, ilipanda kila juma.

Asubuhi nilipanda pikipiki. Njia ilikuwa vumbi na mashimo, nami nilimshukuru Mungu kwa kila daraja lililonivusha.

Mchana, kabla ya kuona nyumba za kwa Banza, nilisikia pampu yake ikilia. Alikuwa amekwisha kuwaahidi wanawake mpira mpya. Nilipoipaka pampu grisi tu na kufunga mfuko, uso ulimbadilika.

"Shemeji, pompi iko inalia kama mbuzi ya harusi, weye unaipakala mafuta? Dada yangu aliolewa na fundi, ao na muuza mafuta?"

Nilimweleza kwamba chuma hulia kwa ukavu, lakini maji yake yanatoka kama zamani. Ile ya zahanati hailii, ila hesabu yake inapanda kwa sababu mpira wake unakwisha.

"Hesabu ya ku telefone," akasema, "kila muntu anasema yake."

Hapo alikuwa na haki. Nikamwomba twende akahesabu mwenyewe.

Alasiri tulifika zahanati. Mama Ngoie, muuguzi, alitupokea kwa furaha. Ndani mzazi mpya alikuwa akingoja maji ya kuoga. Banza alishika mpini, akihesabu kwa sauti. Pampu ilikwenda kimya, laini. Akaipita hesabu ya kijijini kwake, bido halijafika nusu. Sauti ikashuka, kisha akaacha kuhesabu. Akanishikia mabomba. Tulipoyavuta, mpira wa zamani ulikuwa mwembamba kama ganda la kitunguu. Tukaweka ule mpya.

Jioni, tuliporudi kwake, wanawake waliuliza mpira wao uko wapi. Nilitaka kujibu, Banza akanitangulia.

"Yetu ilikuwa inalia tu. Ya kule ilikuwa inakufa, na haikusema."

Nimerudi Kamina salama, Mungu asifiwe. Zamani, hesabu za Jumapili zilipofika, nilikuwa nauliza kwanza nani amelalamika. Sasa nazisoma polepole, nikimtafuta aliyenyamaza.