Taa Iliyowaka Huku Sumaku Imetulia

Katibu wa kijiji alikuwa na tabia ya kusema karibu sana na uso wa mtu huku akitafuna korosho. Siku ile makombo yake yalinitua shavuni.

"Mwalimu," aliniambia, "sindano ya kidude chako haimshangazi mgeni. Mgeni anataka taa."

Wakati ule nilikuwa kijana, nimeletwa kutoka bara kufundisha fizikia katika shule ya sekondari pale Mtwara mjini. Mara moja kwa wiki, alasiri, nilipanda baiskeli hadi kijiji cha ujamaa upande wa Ziwani kufundisha darasa la watu wazima. Wengi walikuwa wanawake waliokuja moja kwa moja kutoka kwenye mihogo, majembe wameyaegemeza ukutani. Kusoma walishajua. Wao wenyewe ndio walioomba somo la umeme, maana walikuwa wakiuona mjini tu.

Nikawapelekea waya wa shaba niliouchomoa kwenye mota mbovu na kuuzungusha mara mia kadhaa, sumaku ya shule, na kile kidude chenye sindano inayocheza mkondo wa umeme unapopita. Nilipoingiza sumaku katikati ya mizunguko ya waya, sindano ilitikisika. Nilipoiacha humo imetulia, sindano ilirudi mahali pake ikalala. Nilipoichomoa, ilitikisika tena, upande wa pili.

Mama mmoja mjane, mwenye chale za Kimakonde usoni, hakuridhika kutazama. "Lete nami nione," alisema. Akaishika sumaku imara kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akausogeza waya badala yake. Sindano ikacheza.

"Kumbe yeyote kati yao akienda, ni sawa," alisema. "Wakikaa wote, hamna kitu."

Hilo la kusogeza waya nilikuwa nimesahau kuwaambia. Nilirudi mjini nikipiga baiskeli kwa furaha, nikijiona mwalimu kweli.

Kisha ikaja habari ya mgeni. Kiongozi fulani wa mkoa angepita kutazama maendeleo, na katibu akataka aonyeshwe "umeme wa kijiji". Nilimweleza kwamba sumaku ile haina nguvu ya kuwasha hata globu ya tochi. Alicheka. Siku ya ugeni nilipofika, alikuwa ameshafunika meza kwa kitambaa chekundu, na chini yake kuna betri tatu za tochi zilizounganishwa na globu iliyo juu ya meza, na swichi ya kubonyeza kwa goti. Goti lenyewe lingekuwa langu.

Ningeweza kukataa. Niliifikiria barua ya uhamisho ambayo katibu angeweza kuniletea, nikaketi.

Mgeni alikuja akiwa ameshakula pilau nyumbani kwa katibu. Vidole vyake viling'aa mafuta. Niliingiza sumaku, nikabonyeza kwa goti, globu ikawaka, watu wakapiga makofi. Mgeni akataka kujaribu mwenyewe. Akaishika sumaku kwa vidole vile vile, akaitumbukiza katikati ya waya, akaiacha humo, kisha akawageukia watu na kuanza kuhutubia juu ya kujitegemea. Nikasahau kuliondoa goti. Hotuba ikaendelea, na taa ikaendelea kuwaka.

Yule mama akasimama.

"Samahani, ndugu mgeni. Mwalimu, sumaku imetulia. Mbona taa inawaka?"

Katibu alinitazama huku jasho likimchuruzika shingoni na kuingia kwenye kola. Nami nikafungua kinywa changu na kusema, "Mama, umeme mwingine hubaki ndani ya waya kwa muda, kama joto linavyobaki kwenye chungu."

Hata leo naikumbuka sentensi ile. Ilikuja upesi mno, laini kabisa, kama vile ilikuwa imekaa tayari mdomoni.

"Hukutufundisha hivyo," alisema.

"Kaa chini, mama, unaaibisha kijiji," katibu alimwambia. Mgeni akatabasamu, akasema wanawake wa siku hizi wana maswali. Watu wakacheka, hata wenzake wa darasani. Mama aliketi akitazama mikono yake.

Wiki iliyofuata hakuja. Nilimfuata kwake, nikamkuta anamenya mihogo. Alinipa kigoda, akaendelea na kisu chake.

"Mama, kulikuwa na betri chini ya meza," nilisema.

"Nilijua kuna kitu."

"Niliogopa."

Alimenya muhogo mwingine. "Mimi pia niliogopa, mwalimu. Nikasimama hivyo hivyo."

Nilimwomba arudi darasani. Akasema atarudi nikiyasema maneno hayo mbele ya wale waliomcheka, si pale jikoni kwake.

Niliyasema, wiki iliyofuata, sumaku mkononi, uso ukiniwaka. Yule mama alikuwa ameketi mbele. Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wanawake alimsogelea, akamwambia tu, "Utusamehe, dada." Kisha akaniomba nirudie somo tangu mwanzo, maana sasa hawakujua lipi waamini. Nikarudia, na safari hii kila mmoja alishika sumaku kwa zamu mpaka akaridhika mwenyewe.

Maneno hayakuchelewa kumfikia katibu. Kabla mwezi haujaisha nikaambiwa darasa lile limepata mwalimu mwingine, ati mimi nimeshachoka na safari. Katibu alisifiwa kwa kijiji chake, akapandishwa cheo na kuhamia mjini. Tulikutana mara nyingi mtaa wa Magomeni, pale pale Mtwara. Kila mara aliupokea mkono wangu kwa mikono yake miwili yenye majimaji, akaniita ndugu yangu na kuniuliza habari za nyumbani. Nami nilimjibu nzuri, kisha nikatafuta maji ya kunawa.