Diski Iliyokufa Ni ya Nani

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Butembo, chef d'atelier, yaani mkuu wa karakana hiyo, hakunionyesha kompyuta hata moja. Alinionyesha katoni ya vyuma vibovu.

"Pièce yenye ilikufa inabakiaka huku ku atelier," alisema. "Mutu anaenda na ya mupya. Ya kufa, hapana kumurudishia."

Katika vipuri hivyo vilivyokufa tuling'oa skrubu na nyaya, maana vipya vilikawia mpakani Kasindi. Nililishika sharti hilo hata nilipohamishiwa Beni, chini ya gérant, yaani msimamizi, mmoja mkali aliyeshinda akiifokea jenereta.

Huko Maman Kavira alituletea kompyuta kuukuu ya kwaya yao. Mumewe, mwalimu wa kwaya, alirekodia nyimbo humo, yeye mwenyewe akiongoza. Alitekwa njiani na hakuonekana tena, hata mwili. Sauti ile ndiyo iliyobaki.

Nilipoiwasha, diski, kile kisanduku cha chuma kinachotunza kila kitu, iligonga ta, ta, ta. Sindano inayosoma ilikuwa imekwaruza sahani za ndani. Nilijaribu kila nilichojua ili kuzitoa zile nyimbo, ikashindikana. Basi nikatafuta diski nyingine, na mashine za umri ule hazikubali za kisasa. Niliipata ya rika lake katika mji wa Kirumba, nikaifunga kwa utepe wake mpana wa nyaya, nikaweka programu upya. Ikawaka.

"Imepona?" aliuliza Maman Kavira.

"Imepona, Maman."

"Basi aimbe, tumusikie."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilimweleza kwamba mashine ni nzima lakini ndani hamna kitu. Hakulia. Alikitazama kioo cha kompyuta, kisha akaigeukia katoni yetu ya vyuma vibovu.

"Munipatie ile ya zamani."

"Hapana, Maman," gérant alidakia. "Ile ni ya atelier."

"Haisemi tena," nikamwambia polepole.

"Na yeye hapana kusema tena. Lakini niko natafuta kitu ya kuzika."

Nikaitoa katonini, nikampa mikononi. Gérant akatoka kwenda kwenye jenereta yake. Maman Kavira aliifunga katika kitenge, na tuliizika Masereka, kwao mumewe. Pasta alilitaja jina la mume huyo.

Sasa nimestaafu, macho hayaoni skrubu tena. Vijana wakiniuliza siri ya kazi, nawaambia wasitupe diski iliyokufa kabla ya kumuuliza mwenyewe. Beni hii wako wengi ambao hawajapata cha kuzika.