Mkono wa Idil Kwenye Bango

Kaaha Billow ana kamera moja na lenzi mbili, na moja ina mkwaruzo. Mali yake kubwa haionekani kwa macho. Hapa Garissa, siku ya harusi, wanawake wakishafunga mlango na kuvua hijabu, mpiga picha anayebaki ndani ni yeye. Akimaliza anachomoa kadi ya kamera na kumkabidhi mama wa bibi harusi, mbele ya watu. Ndiyo desturi, na ndiyo inayomlisha yeye na mama yake kule Griftu.

Mimi ni fundi wa hina, mtu wa kuja kutoka Garsen. Miaka sita tumefanya kazi pamoja. Namjua: mchapakazi, mkaidi, na akinuna usimguse. Kosa lake nililiona likizaliwa. Kwenye harusi ya Idil, binti wa Hawo muuza vitambaa, alipiga picha ya mkono wa kulia peke yake, hina yangu bado mbichi.

"Abaayo, dada yangu, hii naomba nibaki nayo," akamwambia Idil. "Haina uso."

Idil akacheka, akasema chukua. Mama mtu hakuulizwa.

Kaaha akaiweka mtandaoni, kwenye duka moja la picha la ng'ambo, ambako anayetaka picha hulipia na kuitumia. Miezi minane baadaye mkono ule ukapandishwa kwenye bango, njia ya darajani, ukitangaza losheni. Wapita njia waliona mkono mzuri. Hawo aliona kovu la mwanawe.

Alhamisi asubuhi akatuita sote wawili. Jumamosi ilikuwa harusi ya Ruweyda, mpwa wake aliyemlea kama mama, na kazi tulishapewa. Tulijua sote kwamba Hawo akitamka neno moja pale sokoni, hakuna mwanamke atakayevua hijabu mbele ya kamera ile tena.

Hatukupewa chai. Kwa nyumba ya Kisomali, hiyo peke yake ni hukumu. Hawo aliongea Kiswahili makusudi, kile chake kisicho na p wala v, ili na mimi nisikie.

"Hii alama ya moto," akajigusa kifundo cha mkono, "mimi ndio nilifunga dawa. Idil alikuwa miaka saba, anafukiza kibuyu ya maziwa, kaa ikamuangukia. Wewe umeuza. Umebata ngabi?"

"Eddo Hawo, shangazi yangu, nisamehe. Idil mwenyewe alikubali..."

"Sijauliza Idil. Nimeuliza bei."

Nilimwona Kaaha akitafuta uongo, na wallahi nilimwombea aupate. Akafungua simu, akamwonyesha.

"Senti thelathini na tatu za dola. Kama shilingi arobaini na tatu. Na bado sijazishika, Eddo. Hawatoi mpaka zifike dola hamsini."

Hawo aliitazama simu kwa karibu, kisha kwa mbali.

"Hiyo bei ulisema wewe?"

"Wanapanga wao."

"Na watu wa losheni walilifa ngabi?"

"Sijui. Hatuambiwi."

"Kumbe!" Akairudisha simu. "Dalali wa mbuzi anafunika mikono na nguo, wanashikana fidole chini na mnunuzi, ndio kutaja bei, sisi wengine hatuoni. Lakini mwenye mbuzi anaambiwa! Wewe ni mwenye mbuzi, hujui?"

Kaaha akainama. Machozi yakaanza kumdondokea magotini.

"Mimi nilifikiri umekuwa tajiri," Hawo akasema. "Ningekasirika, halafu ningesamehe. Lakini arobaini na tatu? Mkono ya mtoto yangu? Mimi naona haya."

Akafungua pochi, akatoa noti ya hamsini, akaibana kwenye kiganja cha Kaaha.

"Shika. Sasa nimenunua mimi. Toa kule juu."

"Haitoki, Eddo. Dukani nimeshaifuta. Lakini aliyelipia ameshalipia, anaitumia."

"Baka lini?"

"Mpaka achoke."

Nilikuwa nimekuja na hasira zangu, maana maua yale niliyachora mimi na hata hizo senti sikuonjeshwa. Zikanihama pale pale, zikaenda kwa watu nisiowajua hata majina. Wanasema mchumia juani hulia kivulini. Kaaha alichumia juani, na kivulini wamekaa wengine.

"Jumamosi mje," Hawo akasema, akainuka.

Jumamosi mlango ukafungwa. Wanawake hawakuvua kitu. Wote walimtazama Hawo, na Kaaha akasimama na kamera kifuani. Hawo akavua hijabu yake, wa kwanza. Nikashusha pumzi. Wakavua wote: nywele zikaonekana, shingo, dhahabu. Kisha Hawo akaingiza mikono yake chini ya shali. Dada yake akaingiza. Wa pembeni akaingiza. Ishara hiyo ikazunguka chumba kizima mpaka ikamfikia Ruweyda, na hina niliyomchora kwa saa tano nzima, naye akaificha mapajani chini ya nguo.

Kaaha alipiga picha mia nne siku ile, na hakuna yenye mkono. Alipomaliza alichomoa kadi, akamnyooshea Hawo mbele ya watu. Hawo akaipokea kupitia shali ile ile, vidole vyake havikuonekana.