Bwana Belvedere na Vilima Vyake

Wewe, ushawahi kumkasirikia mtu ambaye hujamwona hata kisogo? Mimi nilimkasirikia mmoja miaka mitatu mizima. Nikifua, namwaza. Nikikuna nazi, namwaza. Kaa hapo nikwambie, na usinikatize, maana hadi leo nikikumbuka presha inapanda.

Mimi ni mtu wa Taita. Kwetu ukitoka nje ya mlango ama unapanda ama unateremka, hakuna la katikati. Na mama yangu alikuwa mtu wa kupanda. Jumapili tukitoka kanisani alinishika mkono tukaenda mpaka juu kabisa, penye jiwe, tukakaa. Chini unaona mashamba ya mkonge, unaona reli, na siku mawingu yakiondoka unaona ule mlima mkubwa wa theluji upande wa Tanzania. Mama hasemi kitu. Anatazama tu mpaka atosheke, halafu, "Haya inuka, ugali haujipiki."

Basi nikaenda Doha kulea watoto wa watu, miaka ile ya elfu mbili na kitu, majumba marefu ya West Bay ndiyo yanaota kama uyoga. Jameni, kule ni tambarare! Tambarare kama sinia. Pahali pa juu nilipofika mimi ni paani kuanika nguo, na hapo unaona nini? Mapaa ya wenzako na matangi ya maji. Siku moja madam, mama wa ile nyumba, akaniambia Ijumaa tunakwenda jabal, yaani mlimani. Nikafurahi, nikavaa raba. Tumefika, natazama huku, natazama huku.

"Madam, jabal iko wapi?"

"Si hiyo umeikanyaga!"

Kijiwe! Hata mbuzi hawezi kuteleza hapo.

Halafu mama akafariki. Mkataba wangu haujaisha, madam ndiyo kwanza amejifungua mtoto wa tatu, nitatokaje? Wakamzika mimi nikisikiliza kwa simu. Nikalia chumba cha kufulia, mashine nimeiwasha ili nisisikike, na ikamaliza kuzunguka kabla sijamaliza mimi. Kile kilio kilibaki kimenikaa hapa, kwenye koo. Nikajiambia, siku nitakapopata pahali pa juu, pa kweli, nitakaa vile alivyokuwa akikaa yeye, nimlilie nimalize. Hicho tu. Sikutaka kingine duniani.

Sasa sikia. Doha ikifika Julai haikaliki, ukifungua mlango ni kama umefungua tanuri. Ile familia ikaanza kwenda Italia, nyumba kando ya ziwa, na mimi nikabebwa kwa ajili ya watoto. Asubuhi ya kwanza nikafungua dirisha nikapiga kigelegele mpaka watoto wakaamka. Vilima! Ziwa limelala chini, vilima vimelizunguka pande zote, kijani mpaka juu, na kimoja kina kikanisa cheupe pale utosini. Nikasema, mama, nimekupatia.

Watoto wakilala mchana nilikuwa na masaa mawili yangu. Nikashika kinjia nyuma ya nyumba, ngazi za mawe, kuta huku na huku. Napanda, magoti yananung'unika, lakini moyo unaimba. Nikafika njia panda. Kuna kibao kina mshale, na kuna jina. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, herufi nazijua, ila zinataka subira. Be. Li. Ve. De. Re.

Nikasimama. Kule Doha zile nyumba kubwa zina jina la mwenyewe getini, na kitu cha kwanza nilichofundishwa nilipofika ni usiingie kwa watu. Na kwetu Kenya kibao cha njiani kinasema nini? "Mbwa Kali." "Shamba hili haliuzwi." Basi nikajua, huyu Belvedere ndiye mwenye kilima. Na kweli, wallahi, mbwa akabweka huko juu! Nikageuka mbio mbio.

Kesho yake nikachukua njia nyingine. Belvedere. Wiki iliyofuata tukavuka ziwa kwa boti, kijiji kingine kabisa, nikanyoosha shingo kwenye uchochoro: Belvedere, na mshale juu. Ala! Huyu mtu amenunua mpaka ng'ambo? Hana haya? Mtu mmoja anatazamia nini na vilima vyote hivyo?

Kiangazi cha pili kikanikuta na hasira zangu. Safari hii tukapanda sote, ndani ya kile kigari kinachovutwa na kamba mlimani. Moyo wangu du-du-du. Tukashuka, zimebaki ngazi chache tu kufika kileleni, na hapo kwenye ngazi, eh! Jina lake. Baba wa nyumba akapanda, watoto wakapanda, mimi nikabaki chini nimeshika kigari cha mtoto mdogo. Sikushangaa. Nilisema matajiri hujuana, hawa wamealikwa. Wakashuka wanacheka, simu zimejaa picha. Madam akanionea huruma.

"Yalla, panda na wewe, haraka. Nitamshika mtoto."

"La, madam. Mamnu."

"Mamnu? Nani amekukataza?"

"Mwenyewe," nikasema, nikamwonyesha kibao.

Akanitazama, akatazama kibao, akatikisa kichwa. "Khalas, kama hutaki." Tukashuka. Ngazi hazikuzidi thelathini.

Nikirudi Doha, Ijumaa, maana kule ndiyo siku ya kanisa, baada ya ibada tulikuwa tukikaa na wenzangu wanaofanya kazi za nyumbani, na mimi mdomo haufungi. Nikawasimulia. Wakanifanya kitoweo! Kulikuwa na Mganda mmoja, mchokozi huyo, akiniona tu kwa mbali: "Eh, shoga, mume wako Belvedere hajambo? Bado anakunyima mlango?"

"Nyamaza wewe! Ningekuwa mke wake ungeniona na beseni la nguo za watu?"

Kiangazi cha tatu sikujaribu tena. Nilikaa kwenye benchi kando ya maji nimevipa mgongo vile vilima, nimevinunia. Magoti nayo yalikuwa yameanza kukataa ngazi. Na tuliporudi madam akanikalisha jikoni kwa upole, akaniambia watoto sasa wamekuwa wakubwa, miezi miwili mkataba ukiisha nitakwenda nyumbani nipumzike. Italia imekwisha hivyo.

Mwaka huo huo mjukuu wangu wa kike, yule wa kwanza, alikuwa amepata kazi ya mapokezi katika hoteli moja huko West Bay. Nilizaa mapema, na binti yangu akazaa mapema, ndiyo maana unaniona bibi na bado nabeba beseni. Ijumaa moja akanipeleka Al Wakrah, ufukweni, tukakaa mchangani na chapati zetu na chai ya chupa. Ndipo nikammwagia lile joto langu lote, Bwana Belvedere mwanzo hadi mwisho.

Nikaona msichana ametoa macho. "Nyanya, ngoja. Belvedere?"

"Ndiye huyo huyo. Usiniambie amefika mpaka hotelini kwenu!"

"Nyanya, aki... Hiyo si mtu!" Chai ikamtoka puani. "Kwetu ghorofa ya juu kuna chumba kina madirisha makubwa, mlangoni kumeandikwa hivyo hivyo. Niliuliza mgeni Mwitaliano akaniambia maana yake. Ni pa kutazamia, Nyanya. Pahali pa juu pa kutazama chini. Ule mshale ulikuwa unakwambia, pita huku!"

Ungenichanja hapo nisingetoa damu. Miaka mitatu! Kila kibao kinaniita, njoo mama, njoo huku, na mimi nakipa mgongo! Hasira zikanipanda, na sasa hata wa kumkasirikia sina. Nikamgombeza mjukuu, "Unacheka nini? Mimi ningekaa shule kama wewe ningefukuzwa na kibao?" Nikagombana na darasa la tatu, nikagombana na yule mbwa.

"Nyanya, pole. Sicheki tena. Lakini ulikuwa unaenda kufanya nini huko juu?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Nikafungua mdomo nimjibu na badala ya maneno kikatoka kilio. Si chote. Kipande tu. Nikalia hapo Al Wakrah, chini kabisa, usawa wa bahari, watu wanapita na watoto wao wananiangalia. Nilipoweza kusema nikamwambia habari za mama, na lile jiwe, na mashine ya kufulia.

Akapangusa mchanga kwenye magoti yangu, taratibu, kama mtu anayepima kazi.

"Nyanya, mimi nitakupandisha," akasema. "Nikipata likizo ya kwanza nakuja Taita. Hatuendi na lifti wala kigari cha kamba. Ukichoka tunakaa, ukipumzika tunaendelea, hata kama itatuchukua kutwa. Na tukifika juu, mimi nitasimama kando kidogo, sitakuharakisha, mpaka umalize."